Mwaka wa Kangaruu na Kaloli

Siku walipomwombea Afande Okiror kwenye uwanja wa nyumba za askari magereza hapa Mbale, nilisimama nyuma kabisa, karibu na masufuria, mahali anaposimama mtu ambaye hakuna aliyemwita. Mwanamume mmoja mwenye sauti nzuri alisoma maisha ya marehemu: alikozaliwa, magereza alikohamishwa, alivyostaafu. Kisha akasoma majina ya watoto wake, na kila aliyetajwa akasimama ili watu wamwone. Akurut alisimama. Ndugu zake wakasimama. Mwisho yule mwanamume akasema, "Na kitindamimba wa marehemu, Danieli," na mvulana mwembamba mwenye sare ya shule akasimama, akakunja mikono, akatazama chini akilia. Wanawake wa jikoni wakasema maskini, baba amemwacha bado mdogo. Mmoja wao alikuwa amenipa sahani ya wali, nikaendelea kuishika mpaka mchuzi ukaganda. Danieli si kitindamimba wa Afande Okiror. Danieli ni mwanangu. Kuna mwaka mmoja ambao nilijua kila pumzi yake, kwa sababu alizivutia juu ya kifua changu, na mwaka huo ndio ninaotaka kuuandika. Nitauandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea zaidi mti wa kusukumia chapati kuliko kalamu.

Mwaka huo nilikuwa Jinja, Nalufenya, nikimfanyia kazi Ochieng', Mkenya aliyepika chapati kando ya barabara ambapo madereva wa malori ya kwao walipenda kusimama kula. Kazi yangu ilikuwa kukanda. Niliipenda kwa sababu unga haumuulizi mtu kitu. Mimi nilikuwa na aibu ya ajabu, aibu ya kumfanya mtu avuke barabara ili asisalimiwe, na Ochieng' aliwaambia wateja, "Huyu bwana mdogo mkitaka aongee, mchomeni na mafuta." Akurut alikuwa akija kununua chapati za chai ya jioni kwa dada yake aliyeolewa hapo mtaani. Alikuwa anajifunza ushonaji. Alikuwa Mteso, amezaliwa na kukulia kwenye nyumba za magereza. Mimi Mgisu wa Nakaloke. Hatukuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili, yeye akiwa amekipata kwa maaskari tangu utotoni, mimi nikiwa nimekiokota kwa Ochieng' na madereva wake. Tulipotembea mjini tukiongea, watu walitupisha njia. Kwetu Kiswahili bado kinanuka buti za askari. Akurut alicheka sana kwa hilo. Alisema, "Wanaogopa wewe! Wewe ambaye unaogopa kuku!" Nafikiri alinipenda kwa sababu sikumjibu. Nyumbani kwao kila mtu alikuwa na jibu.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Kilikuwa na kitanda, jiko la makaa, ndoo mbili, na ukuta ambao kupitia kwake tulisikia mafundi wakibishana siku nzima kuhusu mpira. Akurut alikuja mchana, akapika dagaa na nyanya, tukala kwenye sahani moja huku tukisikiliza mafundi wakitukanana, yeye akiwaigiza kwa sauti ya chini mpaka nakabwa na ugali. Ninapokumbuka furaha, nakumbuka chumba kile na harufu ya petroli iliyochanganyika na ya dagaa. Haikudumu. Tumbo lilipoonekana, dada yake alimwambia akae kwangu mpaka atakapojua jinsi ya kumwambia baba yao. Akurut akahamia kwangu na cherehani ya kukodi. Kisha, kabla miezi haijafika, miguu yake ilianza kuvimba, kichwa kikamuuma mpaka akafunga macho kwa leso, na siku moja asubuhi alianguka bombani akatikisika mwili wote. Wanawake wa bombani ndio waliompakia kwenye gari. Mimi nilikimbia nyuma na ndoo yake mkononi, sijui kwa nini.

Hospitalini walimtoa mtoto haraka ili kuwaokoa wote wawili. Akurut walimlaza upande mmoja, hajitambui. Mtoto wakampeleka upande mwingine, kwenye wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na mimi nikaachwa katikati. Hakuna aliyenifukuza. Niliona tu kwamba wodi ile imejaa wanawake walioacha vifua wazi, nikatoka nje, nikasimama mahali ambapo ningeweza kuona dirisha. Mahali hapo palikuwa kando ya shimo la takataka, na takataka za Jinja zina wenyewe. Namaanisha kaloli, ndege yule mrefu wa miguu mikavu, mwenye upara wa madoadoa na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni. Huko Nakaloke nilikuwa nimewaona kwenye mashamba ya mpunga wakitembea majini taratibu, wakiinua mguu mmoja na kuutua bila kutikisa maji, wakitafuta vyura. Huko walikuwa ndege wa kutazamwa. Mjini wamekuwa wazee wasio na kazi. Wanasimama kutwa nzima, wananyamaza, wanangoja kitu kitupwe. Nilisimama kati yao na ndoo yangu, na kwa kuwa sikutikisika, hawakujali.

Ndani kulikuwa na mwanamke mmoja Msoga aliyezaa mapacha, ambaye wote walimwita Nalongo, jina analoitwa mama wa mapacha. Nilisikia sauti yake dirishani kabla sijamjua. "Sista! Baba wa mtoto wa yule mgonjwa ni yule pale?"

"Yupi?"

"Yule aliyesimama na kaloli wenzake."

Wodi nzima ikacheka. Sista, mwanamke mnene wa makamo mwenye saa iliyobanwa kifuani, akatoa kichwa nje. "Wewe! Jina lako nani?"

"Karoli," nikasema.

"Si nimesema?" Nalongo akapiga kelele. "Kaloli! Mwenyewe amekubali!"

Lazima nieleze hapa, kwa ajili ya wasiotoka kwetu. Karoli ni jina langu la ubatizo. Lakini Wasoga wengi, na sisi Wagisu pia, tunazichanganya r na l, na kwenye vinywa vyetu mimi na yule ndege ni kitu kimoja. Tangu shule ya msingi nilikuwa nimeitwa hivyo na watoto waliorusha mikono kama mabawa. Nilidhani nimezoea. Sista hakucheka. Alisema, "Karoli, ingia. Osha mikono mpaka kwenye viwiko. Halafu vua shati."

"Shati, Sista?"

"Shati. Au unataka nikuvulie mimi?"

Nilivua shati mbele ya wanawake wale, na aibu niliyoisikia siku hiyo ninaweza kuisikia hata sasa mgongoni. Sista akanikalisha kwenye kiti kilichoegemea ukuta. Akaleta kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakifungua, na ndani kulikuwa na mtoto wa ukubwa wa chapati mbili zilizoviringishwa pamoja, mwekundu, ana kofia ya sufu na soksi, na mpira mwembamba umepita puani. Akamlaza wima juu ya mfupa wa kifua changu, ngozi kwa ngozi, akamgeuza uso pembeni, akatufunga sote wawili kwa leso, fundo akalipiga nyuma mgongoni kwangu. "Huyu anataka joto la mtu," alisema. "Blanketi halipumui, wewe unapumua. Akisahau kuvuta pumzi, kifua chako kitamkumbusha. Mama yake hawezi sasa. Wewe kazi yako ni nini?"

"Napika chapati."

"Basi una joto la kutosha."

Hiyo waliita kangaruu. Ukutani kulikuwa na picha ya mnyama huyo, amesimama kwa miguu ya nyuma, na kutoka kwenye mfuko wa tumbo lake kichwa cha mtoto kinachungulia. Wanawake walisema neno hilo siku nzima kama tunavyosema uji. Umemweka kangaruu? Kangaruu yako imelegea, funga tena. Niko kangaruu, niletee maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mnyama mwenyewe. Nalongo alisema ni panya aliyelishwa vizuri. Mwanamke mwingine, mke wa polisi kutoka Tororo, alisema ni swala aliyekaa vibaya. Sista alisema ni mnyama wa Australia, na kwamba mtoto wake huzaliwa mdogo kama harage, hajakamilika, akamalizikia mfukoni mwa mama.

"Na kaloli?" Nalongo akauliza, akinitazama. "Kaloli naye ana mfuko. Pale shingoni. Anaweka nini?"

"Upepo," akasema mke wa polisi.

"Basi Kaloli wetu tumfanyeje? Ana mfuko wa upepo au wa mtoto?"

"Leo una mtoto. Kesho tutaona."

Walicheka tena, na nilimsikia mtoto akishtuka kwenye kifua changu kwa kicheko kile, vidole vyake vikanikwaruza kama mguu wa mdudu. Nikaweka mkono juu ya mgongo wake. Akatulia. Wale wanawake hawakujua, na sikuwa na maneno ya kuwaambia, kwamba kuanzia pale hawakuweza kunifanya kitu kwa mdomo wao.

Nilikaa hivyo majuma mengi. Mtu akiniuliza nimefanya nini kikubwa maishani, jibu langu ni kwamba nimewahi kukaa. Nilijifunza kulala nimeegemea. Nilijifunza kumlisha maziwa kwa ule mpira, kisha kwa kikombe kidogo mdomoni, tone, subira, tone. Nilijifunza kunywa uji bila kuinama. Wanawake walianza kunitupia mapacha na watoto wengine nitazame walipokwenda kuoga, nao waliongea mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti, kuhusu waume zao, wakwe zao, nani amekataa kuja na nani amekuja akaogopa. Nalongo, ambaye hakuacha kuniita Kaloli hata siku moja, alikuwa akinilisha mihogo kwa mkono wake wakati mtoto amelala na siwezi kujisogeza. "Kula, Kaloli. Ukikonda, mtoto atadhani amelazwa juu ya ngazi." Mmoja wa mapacha wake alifariki humo humo, mchana, na alipomaliza kulia alirudi akamfunga yule aliyebaki kifuani, akaniuliza kama nimekula.

Ochieng' alikuja mara moja, amevaa shati la kanisani. Alisimama mlangoni, akaniona nimekaa na kofia ndogo inachomoza kwenye leso, akageuka akatazama nje kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Bwana mdogo, unanuka maziwa."

"Ndiyo, mzee."

"Nimeweka mtu mwingine kwa unga. Lori haziwezi kungoja."

"Ndiyo, mzee."

"Lakini hajui kukanda," alisema, akaniachia kifurushi cha chapati, akaenda. Sikumchukia. Katika mwaka ule niliwahesabu watu kwa kuangalia nani aliingia na nani aliishia mlangoni, na yeye angalau aliufikia mlango.

Akurut alipopata nafuu walimleta kwenye kiti cha magurudumu. Uso wake ulikuwa umevimba, na alitembeza macho kama mtu aliyeshushwa mji asioujua. Nilimwambia, "Huyu ndiye." Sista akanifungua, akamweka mtoto kifuani kwake, akamfunga. Mtoto akalia. Hakulia kwa nguvu, hakuwa na nguvu, lakini alilia na kulia mpaka rangi ikabadilika, na Sista akasema, "Bado ana uchovu, tutajaribu kesho," akamrudisha kwangu. Akanyamaza papo hapo. Wanawake wakapiga makofi. Nalongo akasema, "Ameshajua mama yake!" na wote wakaangua kicheko, hata mimi nilicheka, jambo ambalo lilikuwa nadra. Sikumtazama Akurut wakati ule. Siku zilizofuata mtoto alimzoea kidogo, akakaa kwake kwa muda, lakini nikikohoa upande wa pili wa wodi aligeuza kichwa. Niliona ni jambo la kufurahisha. Nilikuwa nakohoa makusudi.

Dada yake hatimaye aliwaambia wazazi. Mama yao alikuja kutoka Mbale mtoto alipokuwa ameshanenepa kiasi cha kuruhusiwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alimbusu binti yake, akawasalimu wanawake wote kitanda kwa kitanda, akamshukuru Sista kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, mtoto amelala kifuani. Alinitazama kuanzia miguuni. "Wewe umefanya kazi," alisema. "Asante. Sasa tupe." Sikuweza kumpa. Fundo lilikuwa nyuma mgongoni, na mtu hawezi kulifikia mwenyewe. Basi alinizunguka, akalifungua yeye, taratibu, kama anayemfungulia mtu mzigo, na leso ikaanguka, na pale mtoto alipokuwa pakaingia baridi. Nilimuuliza Akurut, "Mnakwenda wapi?" Akasema, "Nyumbani, nipone kwanza. Utakuja na watu wako mwongee na baba." Hiyo ilikuwa haki, na desturi ndivyo ilivyo kwao na kwetu. Nilivaa shati nikawasindikiza mpaka kwenye gari.

Sikuweza kukaa Jinja tena. Nilihamia Mbale, nikapanga chumba Namakwekwe, nikaweka meza na jiko langu mwenyewe kwenye njia ya watoto wa shule, si mbali sana na nyumba za magereza. Nikaenda Nakaloke kumwomba baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, anipeleke kwa Afande. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: mtoto aitwe wangu. Kama Akurut atanitaka au hatanitaka, kama ng'ombe watapatikana leo au baadaye, hayo yangefuata. Baba mdogo alikuwa mchinjaji, mtu wa maneno mengi na koti moja. Alikubali. "Acha niongee mimi," alisema. "Wewe ukae kama bibi harusi."

Sebule ya Afande Okiror ilikuwa ndogo na safi kupita kiasi. Viti vilivikwa vitambaa vya kufuma, sare yake ilining'inia ukutani imepigwa pasi, na pazia la maua liliigawa nyumba mara mbili. Nyuma ya pazia kulikuwa na sauti za wanawake, kijiko kikigonga sufuria, harufu ya kuku na karanga, na mtoto analia. Tulipoingia nikasema, "Habari ya hapa, afande," na mtoto akanyamaza. Akanyamaza kabisa, kama mtu aliyeitwa. Sote tuliusikia ukimya ule. Afande aliinua kichwa kidogo, kisha akatuonyesha viti. Alikuwa na kaka yake kutoka kijijini kwao, mzee mcheshi mwenye meno machache.

"Nani ataongea?" Afande akauliza.

Baba mdogo akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Afande, sisi ni watu wa Nakaloke. Tumekuja kwa heshima na kwa kosa letu. Huyu ndiye kijana wetu, Kaloli."

Kaka yake Afande akapiga paja. "Mmetuletea kaloli? Hapa Mbale wako wengi, hata kuwaalika hatuwaaliki!"

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akacheka. Baba mdogo akakunja uso. "Si kaloli, mzee. Kaloli. Ka-lo-li! Jina la kanisa!"

"Ndiyo huyo huyo! Anakula wapi, kanisani au jalalani?"

Kadiri baba mdogo alivyosahihisha ndivyo l ilivyozidi kumkaa ulimini, na jasho likamtoka, mtu mzima aliyevaa koti kwa ajili yangu. Afande hakucheka. Alifuta mdomo kwa mkono, akanigeukia mimi. "Wewe una mdomo? Sema. Hii mtoto wewe umefanyia nini, mpaka unakuja kusema iko yako?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikiwa nakanda nilikuwa nimeyapanga maneno, jinsi nitakavyoeleza kuhusu wodi, na pumzi, na kikombe kidogo. Yote yalinikimbia isipokuwa lile moja lililoyabeba yote. "Kangaruu, afande," nikasema.

"Nini?"

"Ilikuwa kangaruu tu. Siku zote. Kangaruu."

Nilidhani kila aliyewahi kushika mtoto analijua neno lile. Afande hakuwahi kukanyaga wodi ya watoto. Alikuwa amelisikia kwingine, kwa miaka yote ya kazi yake, kutoka kwa wafungwa. Kila aliyeingia na kifungo alimwambia hivyo: afande, mimi sina kosa, ile ilikuwa korti ya kangaruu, mahakama ya uongo, hukumu walishaiandika kabla sijafungua mdomo. Kwake yeye kangaruu lilikuwa tusi wanalolitoa wahalifu kwa watu wenye amri. Alisimama. Sikujua kwamba mtu anaweza kusimama polepole namna ile.

"Unaingia nyumba yangu," alisema, "unakaa kiti yangu, unaniambia hii ni korti ya kangaruu?"

"Hapana, afande, mimi ndiye kangaruu, mimi..." Nikaweka mikono kifuani kumwonyesha, nikaifunga kama leso.

"Na unanichezea! Mtoto wangu umeharibu, sasa unaniigiza!"

"Afande, kijana hana adabu mbaya," baba mdogo akasema, naye pia hakujua neno lile, na alinitazama kwa hofu kama niliyemtukana yeye.

Nilitazama pazia. Halikufika chini kabisa. Nyuma yake niliona miguu ya Akurut, ninayoijua, imesimama karibu kiasi kwamba vidole vilikuwa upande wetu. Alikuwa amekaa katika wodi ile. Alikuwa amefungwa leso ile ile. Kati ya watu wote waliokuwa ndani ya nyumba, yeye peke yake ndiye aliyeweza kusema, baba, neno hilo si hivyo. Ilihitajika sentensi moja. Nilingoja. Miguu ikakaa pale pale. Kisha kidole kimoja kikajikunja, na miguu ikarudi nyuma.

Afande akafungua mlango. Tulitoka kabla chakula hakijaletwa, na kwetu sote, Wagisu na Wateso, mgeni aliyekuja kwa jambo la binti akitolewa bila kuonja chungu kilichopikwa kwa ajili yake, amekwisha kujibiwa. Barabarani baba mdogo alitembea mbele muda mrefu. Mwishoni akasema, "Walichinja kuku. Walikuwa wanataka kukubali." Hakunisindikiza tena kokote, na hakuna mwingine wa ukoo aliyekubali kwenda kusimama mbele ya mzee yule baada ya kusikia kwamba kijana mwenyewe alimtukana.

Kabla mwaka haujaisha Akurut alikuja kwenye meza yangu, asubuhi, wateja wakiwa wamepungua. Mtoto alikuwa mgongoni, mnene, macho makubwa. Alinunua chapati kama mtu yeyote, kisha hakuondoka. Nilimuuliza swali lile bila kumtazama.

"Ulilijua lile neno."

"Nililijua."

"Basi kwa nini?"

Alimsogeza mtoto mgongoni. "Ulisikia alivyonyamaza ulipoingia?" alisema. "Alikuwa analia kwangu tangu asubuhi. Nimembembeleza, nimemwimbia, nimempa titi. Wewe ukasema 'habari ya hapa' tu." Alikuwa analia sasa, kwa hasira. "Karoli, mimi karibu nife kwa huyu mtoto. Nikaamka nikakuta ana mwenyewe. Wote mnacheka, eti ameshajua mama yake. Kama ungekubaliwa pale ndani, mimi ningekuwa nani?"

Alilitamka jina langu vizuri. Wateso hawana shida na r. Akaniambia baba yake amemwandikisha mtoto kuwa wake, amempa jina la Danieli, na yeye mwenyewe atakwenda Soroti kushona. Naweza kubaki na meza yangu hapa, alisema, hakuna atakayenifukuza, ila nisiseme kitu kwa mtoto. Nikamwambia sawa.

Watu wawili watatu wanaojua wananiambia kwamba kwa kuwa Afande amekufa, sasa niende nikamchukue mwanangu. Sijui mtu anamchukuaje mtoto ambaye nilimwona kwa macho yangu akimlilia baba mwingine. Yeye hupita kwenye meza yangu akienda shule. Huniita anko, hutaka chapati iliyoiva sana, na husimama karibu na jiko kwa sababu huwa anasikia baridi kuliko wenzake. Siku za mvua namuuliza kama amevaa fulana ya ndani. Anacheka, anawageukia rafiki zake. Anadhani ni mzaha wa wauza chapati.